Kero Zisemwe Barazani, na Shukrani Zisemwe Barazani: Funzo kutoka Lushoto

(Haya ni maneno kamili ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya madiwani, masheha na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



  Nimetakiwa nizungumze juu ya mwananchi na baraza lake: vipi apeleke kero, na vipi atoe shukrani. Mfano niliouchagua uko mbali na bahari yetu. Ni Lushoto, katika Milima ya Usambara.

Huenda mkauliza, mtu wa visiwani anakwenda kutafuta nini huko juu kwenye baridi? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba habari za milima hiyo zimeandikwa kwa lugha yetu tangu zamani. Abdallah bin Hemedi, aliyepata kumtumikia Semboja wa Mazinde na baadaye akawa Liwali wa Tanga, ndiye aliyetuachia Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kinachoeleza watawala wa Usambara na raia wao. Ya pili ni kwamba Lushoto ni mahali ambapo hasara ya viongozi kutosikilizana na wananchi ilionekana wazi, na hata faida ya kusikilizana ikaonekana vile vile. Mwenye macho anaweza kuisoma juu ya ardhi yenyewe.

NCHI NA WATU WAKE

Ndugu wananchi, Lushoto ni wilaya ya Mkoa wa Tanga, nayo imo katika Usambara ya Magharibi. Msafiri atokaye Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, huanza kupanda kwa njia ya mizunguko, upande mmoja genge na upande wa pili bonde, akapita Soni, mpaka akafika mji ambao Wajerumani walipoutawala waliuita Wilhelmstal. Wenyeji walio wengi ni Wasambaa. Wamo pia Wapare na Wambugu. Wanalima mahindi, maharage, viazi, kabichi, karoti, nyanya na matunda ya nchi za baridi, na mazao hayo huteremshwa kupelekwa Tanga na Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya nzima, pamoja na eneo la Bumbuli ambalo sasa lina halmashauri yake.

Basi fikirini watu wengi kiasi hicho, mashamba madogo madogo, na miteremko mikali. Katika nchi ya namna hiyo kosa la uongozi halikawii kuonekana. Mfereji usipozibuliwa kabla ya masika, maji hutafuta njia yake, na njia yake hupita katika shamba la mtu. Barabara ya kijijini ikikatika siku tatu, nyanya zilizokwisha chumwa huoza pale pale zilipopangwa.

Wasambaa wa zamani walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala. Nchi inapopata mvua, chakula na amani, husema kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi. Nchi inapopata ukame, njaa na ugomvi wa wakubwa, husema kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Hata katika zama za Kimweri ye Nyumbai, mfalme mashuhuri wa Vuga aliyefariki mwaka 1862, ukubwa wa mtawala haukupimwa kwa ukoo wake peke yake. Ulipimwa kwa hali ya mashamba ya raia. Kipimo hicho kilikuwa kinywani mwa wakulima, na mpaka leo sijaona kilicho bora zaidi cha kulipimia baraza lolote.

HABARI YA MATUTA

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza iliona kwamba udongo wa Usambara unachukuliwa na maji. Hilo lilikuwa kweli. Mwaka 1946 ukaanzishwa mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ukapanuliwa ukawa mpango wa Usambara. Wakulima waliamrishwa wachimbe matuta kukingama mteremko, na wakakatazwa kulima sehemu zenye mwinamo mkali. Asiyetii alishitakiwa, akatozwa faini.

Nia haikuwa mbaya. Lakini nani aliyeulizwa? Kazi ya kuchimba matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya jembe hilo ilishikwa na wanawake, ambao tayari walikuwa na kazi ya shamba, ya kuni, ya maji na ya watoto. Mwenye shamba dogo aliyenyimwa mteremko wake hakuonyeshwa pengine pa kulima. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliopanga hawakukilalia kitanda kile.

Wananchi hawakunyamaza. Walikwenda kwa watawala wao, wakaeleza. Mfalme wa wakati huo, Kimweri Mputa Magogo, aliyeshika utawala mwaka 1947, alijikuta baina ya raia waliolalamika na serikali iliyoamrisha. Malalamiko yakahesabiwa kuwa ni ukaidi na ujinga wa watu wasiojua faida yao. Mtu akisema kero yake mara ya kwanza, akaambiwa mjinga, mara ya pili haji kueleza, huja kupinga. Ndivyo ilivyokuwa. Chama cha TANU kilipoasisiwa mwaka 1954 kiliwakuta watu wa milimani wamekwisha kuchoka, na mwaka 1957 mpango wote ukaachwa.

Ndugu wananchi, watu wengi huishia hapo, wakasema wananchi walishinda. Walishinda, naam. Lakini mvua haikusimama kwa sababu mpango umesimama. Udongo uliendelea kuteremka, na kwa miaka mingi mtaalamu yeyote aliyetaja kuhifadhi udongo alitazamwa kama aliyekuja kurejesha matuta. Jambo jema lilipotezwa kwa sababu lililetwa kwa njia mbaya. Kama mama mmoja wa Mlalo angelisikilizwa mwaka 1946 alipokuwa akieleza uzito wa kazi, pengine kingelipatikana cha kumfaa yeye na kuufaa udongo pia.

Nasema hivyo si kwa kubahatisha. Kuanzia mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine, ujulikanao kwa jina la SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi ya wakati huo. Mradi huu nao ulitaka kuzuia udongo. Lakini badala ya matuta peke yake, wakulima walihimizwa kupanda mistari ya majani ya malisho kukingama mteremko, pamoja na miti. Majani yalizuia udongo, kisha yakakatwa yakalishwa ng'ombe wa maziwa afugwaye zizini, na samadi ya ng'ombe ikarudi shambani. Mkulima aliona faida yake katika ndoo ya maziwa. Siwaambii kwamba mradi ule haukuwa na dosari, wala kwamba kila mtu aliukubali. Nasema tu kwamba tofauti ya amri na mashauriano ilionekana juu ya mlima ule ule, katika umri wa mtu mmoja.

MLANGO ULIO WAZI

Leo mkaazi wa Lushoto ana milango ambayo babu yake hakuwa nayo. Halmashauri za wilaya za Tanzania Bara zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 zilizoanza kutumika mwaka 1984. Chini ya sheria hizo, kila mkaazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hachaguliwi wala haombi. Ni mjumbe kwa umri wake na makaazi yake. Mkutano huo hutakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi ya kijiji. Yanayoshinda uwezo wa kijiji hupelekwa katika kamati ya maendeleo ya kata, na diwani huyafikisha katika baraza la halmashauri, ambalo vikao vyake kwa kawaida huwa wazi kwa wananchi.

Sisi visiwani tuna sheria zetu na utaratibu wetu, maana serikali za mitaa si jambo la Muungano. Sisi tuna shehia na wao wana kijiji. Lakini ugonjwa ni mmoja. Mlango u wazi, na watu hawaingii. Mkutano ukiitishwa, wanafika wazee wachache na watoto wanaopita njia. Jioni yake, kwenye vibaraza vya nyumba zetu, kero zote husemwa kwa ufasaha mkubwa mbele ya watu ambao hawawezi kuzitatua. Lugha yetu imetupa neno moja, baraza, kwa kikao cha serikali na kwa kibao cha kukalia mlangoni. Yanayosemwa katika baraza la pili yafikishwe katika baraza la kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

KERO INAVYOSEMWA

Kero za Lushoto si ngeni kwetu. Kuna barabara za vijijini zinazokatwa na mvua. Kuna maji ya bomba yasiyofika, au yafikayo kwa zamu. Kuna mipaka ya mashamba na misitu ya hifadhi kama Magamba, msitu ambao ndio chanzo cha mito inayowanywesha hao hao wanaokatazwa kuukata. Na kuna lumbesa, yaani gunia linalojazwa hata likavikwa kilemba juu, ambapo mkulima wa viazi huuza mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo haiuruhusu ufungaji huo, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Lakini sheria hailindi gunia ambalo mwenyewe hakulileta mizanini.

Kusema kero nako kuna utaratibu wake. Nitataja mambo manne.

Kwanza, ijulikane kero ni ya nani. Siku hizi si kila kitu kiko mikononi mwa halmashauri. Huko Bara barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, zinasimamiwa na TARURA. Maji ya vijijini, tangu mwaka 2019, yako chini ya RUWASA. Mwananchi anayemlaumu diwani kwa kalvati lisilo lake hupoteza siku, na diwani anayejibu "hilo si langu" kisha akanyamaza hupoteza imani ya watu. Wajibu wa diwani ni kuipeleka kero panapohusika na kurudi na jibu.

Pili, kero iwe na mahali, siku na kiasi. Asemaye "barabara zetu mbovu" amesema kweli, ila hakuna fundi anayeweza kutumwa kwenda "barabara zetu". Asemaye "daraja la mti lililo baina ya skuli na zahanati limeoza nguzo mbili, na watoto wa vitongoji viwili wanalitumia" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhandisi.

Tatu, iandikwe. Neno lisiloandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni kama halikusemwa. Mwananchi ana haki ya kuuliza, "Ndugu Katibu, limeandikwa?"

Nne, isemwe na anayeumia. Kero ya maji isisemewe na mwanamme ambaye hajapata kubeba ndoo, wakati mkewe amekaa nyuma kimya. Hilo ndilo kosa la matuta, na tusilirudie.

KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa niruhusuni niseme jambo linalonihusu. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipelekwa kuandika habari za mkutano wa wananchi, mahali ambapo sitapataja. Watu walisimama wakashukuru kwa skuli mpya. Kisha akasimama bibi mmoja, akasema kalvati la njia ya skuli limetitia upande mmoja, na masika ijayo halitavuka salama. Alisema kwa maneno machache, akakaa.

Mimi niliandika habari nzuri. Kichwa chake kilisema wananchi wanatoa shukrani. Maneno ya bibi yule sikuyatia. Niliona yataharibu sura ya siku ile. Masika ilipokuja, kalvati lilikwenda na maji. Hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini skuli ile mpya iliyoshukuriwa ilikaa wiki mbili bila ya watoto wa ng'ambo ya pili. Nilipopita baadaye nilimkuta bibi yule. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe siku ile si ulikuwa unaandika?"

Sijapata kulisahau swali lile. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba shukrani iliyoandikwa bila ya kero yake ni habari nusu, na habari nusu ndiyo inayompoteza kiongozi.

SHUKRANI INAVYOSEMWA

Na shukrani je? Wapo wanaodhani kushukuru ni kujipendekeza. Sivyo. Asiyemshukuru mtu kwa jema humfundisha kwamba jema na baya ni sawa. Wananchi wa milimani wametoa nguvu zao kujenga madarasa, wakabeba mawe na mchanga katika njia ambazo gari halipandi. Mwalimu anayekubali kukaa kijiji cha mbali, na mganga anayefungua zahanati usiku, wanastahili kutajwa mbele ya watu.

Lakini shukrani nayo iwe na kipimo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tusimsifu kiongozi kwa kutupatia kilicho haki yetu, kana kwamba amekitoa mfukoni mwake. Tushukuru kazi, tuitaje kwa jina lake, na tuseme kilichobaki. "Tunashukuru kwa bomba lililofika sokoni, bado halijafika zahanati." Shukrani ya namna hiyo ina heshima kwa pande zote mbili. Humwambia aliyefanya kwamba kazi yake imeonekana, na humwambia pa kuanzia kesho.

WAJIBU WA VIONGOZI

Waheshimiwa madiwani na masheha, nimesema na wananchi. Sasa nasema nanyi, na naomba radhi nikivuka mpaka.

Mtu anayekuja na kero mbele ya baraza amekuja kwa sababu bado analiamini. Siku atakayoacha kuja, msidhani ameridhika. Wakulima wa Usambara walipoacha kueleza, hawakuwa wameyapenda matuta. Na miaka ya karibuni, kule Bumbuli, mgogoro wa wakulima wa chai na uendeshaji wa kiwanda cha Mponde ulichukua miaka mingi, mpaka kiwanda kikasimama mwaka 2013. Kiwanda kikisimama, jani la chai halingoji mkutano. Linakomaa juu ya mti, na mapato ya nyumba yanakwenda nalo. Hiyo ndiyo bei ya shauri lisilomalizwa mapema.

Kwa hivyo nawasihi: kila mkutano uanze kwa kusomewa majibu ya kero za mkutano uliopita, kabla ya kupokea mpya. Lililofanyika, lisemwe limefanyika. Lililoshindikana, itajwe sababu, iwe fedha au sheria au ni la idara nyingine. Mwananchi huweza kuvumilia "hapana" yenye sababu. Asiloweza kuvumilia ni kimya. Na anayesema kwa ukali asitolewe nje kwa ukali wake. Pengine amekwisha kusema kwa upole mara tatu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Wazee wa Usambara walimuuliza mtawala swali moja: unaitengeneza nchi, au unaiharibu? Swali hilo leo ni letu sote, kwa sababu baraza ni la wote. Anayenyamaza na kero yake anaiharibu nchi kwa kiasi chake, na anayeipuuza anaiharibu kwa kiasi kikubwa zaidi. Katibu ameweka daftari mezani. Naomba kila mwenye neno, la kero au la shukrani, asiondoke hapa leo kabla halijaandikwa.